Balfour-Melville: Mwanasheria aliyeitesa Australia, akabaki zake Edinburgh

EDINBURGH, SCOTLAND

MTAJIE shabiki yeyote wa kriketi neno Ashes, atakuambia habari zake hata kama umemwamsha usiku wa manane. Ni vita ya England na Australia, na chanzo chake ni Agosti 29, 1882, siku Waaustralia walipoizima England kwa mikimbio saba tu kwenye Uwanja wa The Oval, London. Baada ya kipigo hicho gazeti moja la Uingereza liliandika tanzia ya utani, kwamba kriketi ya England imekufa, mwili utachomwa moto na majivu yatasafirishwa kwenda Australia. Mpaka leo timu hizo mbili zinagombea majivu hayo.

Lakini kuna jambo halisemwi sana. Mwezi mmoja kamili kabla ya siku hiyo, Julai 29, 1882, Waaustralia haohao walikuwa Edinburgh, kwenye uwanja wa klabu ya Grange pale Raeburn Place, na huko walikutana na kitu kizito. Hawakupigwa na England. Walipigwa na Scotland, tena kwa tofauti ya mikimbio 45.

Aliyewatesa siku hiyo alikuwa mwanasheria wa miaka 28, mwenyeji wa mji huohuo, mchezaji wa klabu hiyohiyo. Alitandika mikimbio 73. Wakati huo akiitwa Leslie Balfour. Baadaye familia yake ikaongeza jina baada ya kurithi ardhi, na dunia ya michezo ikamjua kama Leslie Balfour-Melville.

Haikuwa mechi kubwa ya ziara, ilikuwa ya siku moja tu. Lakini usiidharau ile 73. Viwanja vya enzi hizo vilikuwa na mabonde, mpira ukidunda mara unakuja kifuani, mara unapita chini ya magoti, na hakuna aliyekuwa anavaa kofia ngumu. Kwenye ile mechi ya The Oval mwezi uliofuata, England ilihitaji mikimbio 85 tu kushinda. Timu nzima, watu 11, ikaishia 77. Sasa piga hesabu mwenyewe.

KIJANA WA MIAKA 17

Balfour-Melville alizaliwa Machi 9, 1854 Edinburgh, kwenye familia yenye nafasi. Baba yake, James Balfour, alikuwa mcheza gofu mzuri aliyeandika hata kitabu cha kumbukumbu zake kuhusu gofu ya St Andrews. Mtoto akapelekwa Edinburgh Academy, shule ambayo michezo ilikuwa sehemu ya masomo kama hesabu na Kilatini.

Akiwa bado hajatimiza miaka 18, akaitwa timu ya taifa. Siyo ya kriketi. Ya raga.

Februari 5, 1872 alikuwa The Oval kuivaa England kwenye mechi ya pili ya kimataifa katika historia ya raga. Ya kwanza ilikuwa imechezwa mwaka mmoja kabla, hapo hapo Edinburgh, Scotland ikashinda. Safari hii England ililipa kisasi. Enzi hizo kila timu ilikuwa na watu 20 uwanjani, kwa hiyo mtafute kijana wa miaka 17 katikati ya wanaume 40 wanaosukumana kwenye tope la majira ya baridi, ndiye huyo.

Hiyo ndiyo mechi yake pekee ya raga ya kimataifa. Angekuwa mtu mwingine, ingekuwa stori ya kuwahadithia wajukuu mpaka mwisho wa maisha. Kwake yeye ilikuwa ni kupasha misuli.

Miaka saba baadaye, 1879, akachukua ubingwa wa tenisi wa Scotland. Ukiacha hapo, alisifika pia kwa kuteleza kwenye barafu na kwa mchezo wa biliadi. Unaambiwa ilikuwa ukimpa kitu chochote kinachopigwa, kinachorushwa au kinachoviringika, jamaa alikuwa anajua pa kukishika.

Lakini nyumbani kwake kimichezo kulikuwa kwenye kriketi, na kwenye kriketi alikuwa na klabu moja, Grange.

KLABU KWANZA

Ili uelewe ukubwa wa Balfour-Melville, lazima kwanza uelewe udogo wa kriketi ya Scotland.

Grange ilianzishwa mwaka 1832 na ikahamia kwenye uwanja wake wa sasa mwaka 1872. Ni klabu yenye heshima zake. Lakini Scotland haikuwa na ligi ya kulipwa kama majimbo ya England, na haikuwa na timu inayocheza mechi za Test, zile kubwa za siku nyingi ambazo ndizo zinazompa mchezaji jina la kudumu. Msimu wenyewe ni mfupi, miezi michache ya kiangazi, na katika miezi hiyo mvua inakuja bila kupiga hodi.

Mechi za daraja la kwanza, zile zinazoingia kwenye vitabu vikubwa vya takwimu, Scotland ilianza kuzihesabu mwaka 1905 ilipocheza na Waaustralia. Mwaka 1909 mechi ya Scotland na Ireland nayo ikaingia kwenye hesabu hizo. Kufikia hapo Balfour-Melville alikuwa na miaka 55.

Yaani miaka yake bora yote ilipita bila mwenye kalamu kuiweka kwenye jedwali linalotambulika. Ukifungua orodha za wapigaji wakubwa wa karne ya 19 leo, hutamkuta. Siyo kwamba hakupiga. Alipiga mahali ambako hakuhesabiwa.

Alikuwa mpigaji wa kwanza kuingia, na mpinzani anapopiga, yeye ndiye aliyesimama nyuma ya wiketi kudaka. Alikuwa nahodha. Kwa Waskoti alikuwa kile ambacho W.G. Grace alikuwa kwa Waingereza. Tofauti ni kwamba Grace alikuwa na jukwaa na Balfour-Melville alikuwa na Jumamosi.

WALIOONDOKA

Wengine wenye kipaji walifanya ambacho mchezaji yeyote wa nchi ndogo anakifanya. Walifungasha.

Gregor MacGregor alizaliwa Edinburgh mwaka 1869. Akaenda kusoma Cambridge, akaichezea Middlesex mpaka akawa nahodha wake, na kati ya 1890 na 1893 akacheza mechi nane za Test. Kwa nchi gani? England. Kwenye raga alibaki kuichezea Scotland, lakini kwenye kriketi alilazimika kuvaa kofia ya jirani maana kwao kofia hiyo haikuwepo.

Archie Jackson naye alizaliwa Rutherglen, pembeni ya Glasgow, mwaka 1909. Familia yake ikahamia Australia akiwa mtoto mdogo. Mwaka 1929, akiwa na miaka 19, alicheza mechi yake ya kwanza ya Test dhidi ya England mjini Adelaide na kupiga mikimbio 164. Wapo waliomwona bora kuliko Don Bradman. Kifua kikuu kikamwondoa mwaka 1933 akiwa na miaka 23 tu.

Miaka mingi baadaye Mike Denness, mzaliwa wa Bellshill, Scotland, akaja kuwa nahodha wa England.

Hao wote majina yao yapo kwenye vitabu vya Test. Balfour-Melville hayupo. Kazi yake ya sheria ilikuwa Edinburgh, nyumba yake ilikuwa Edinburgh na klabu yake ilikuwa Edinburgh. Alikaa.

TATU ZA SHIMO LA 19

Kama kriketi ilimnyima kumbukumbu, gofu ililipa deni.

Mwaka 1888 aliingia kwenye The Open, mashindano makubwa kuliko yote ya gofu, pale St Andrews, na akamaliza wa tano katikati ya watu ambao gofu ndiyo ilikuwa ugali wao. Mwaka uliofuata akafika fainali ya ubingwa wa wachezaji wa ridhaa wa Uingereza, uwanja uleule, akafungwa na Johnny Laidlay.

Miaka sita ikapita. Mwaka 1895 mashindano yakarudi St Andrews na yeye alikuwa na miaka 41. Kwenye umri huo wengi huwa wameanza kuzungumzia magoti yao.

Kilichotokea wiki hiyo bado kinasimuliwa. Mechi ya gofu ya mtu na mtu ina mashimo 18, mkitoka sare mnaongeza la 19, na St Andrews la 19 maana yake mnarudi kwenye shimo la kwanza. Mbele kidogo ya shimo hilo unapita mfereji wa maji unaoitwa Swilcan. Siyo mpana, mtoto anauruka. Lakini ukishaingiza mpira humo, umekwisha.

Balfour-Melville alikutana na William Greig. Sare. Wakaenda la 19, mpira wa Greig ukaingia mferejini. Akakutana na Laurie Auchterlonie, fundi ambaye baadaye, mwaka 1902, angekuja kushinda US Open kule Marekani. Sare. La 19, mpira wa Auchterlonie ukaingia mferejini.

Fainali akamkuta John Ball. Huyu alikuwa bingwa mtetezi, alishachukua taji hilo mara nne, na mwaka 1890 alikuwa mchezaji wa kwanza wa ridhaa kushinda The Open. Kwa lugha ya mtaani, alikuwa mwenye mji.

Mashimo 18 yakaisha. Sare tena. Wakatembea kurudi pale pale, watazamaji nyuma yao, mfereji mbele yao. Ball akapiga. Mpira ukaenda majini.

Mara tatu mfululizo, shimo lilelile, mfereji uleule. Unaweza kuita bahati, na bahati ilikuwepo. Lakini mtu hapati bahati ya shimo la 19 mara tatu kama hajaweza kubaki hai kwenye mashimo 54 yaliyotangulia dhidi ya watu wa aina hiyo. Na kila mara, wa kwake haukuingia majini.

PESA NA WASIO NAZO

Hapa inabidi kusema ukweli mwingine. Balfour-Melville aliweza kucheza michezo yote hiyo kwa sababu alikuwa na uwezo. Muda alikuwa nao, vifaa alikuwa navyo, na hakuna siku aliyohitaji kulipwa ili acheze. Neno ridhaa enzi hizo lilikuwa na ukuta ndani yake: upande mmoja mabwana waliocheza kwa raha zao, upande wa pili watu wa kulipwa walioajiriwa kuwarushia mipira.

Mfano mzuri ni Wilfred Rhodes. Kijana huyo wa Yorkshire alikuja Scotland mwaka 1896, akiwa hata miaka 20 hajafikisha, kufanya kazi ya kulipwa kwenye klabu ya Galashiels. Alikaa misimu miwili, akarudi kwao, na mpaka anastaafu alikuwa ameangusha wiketi 4,204 za daraja la kwanza, rekodi ambayo haijaguswa. Chuo chake kilikuwa kriketi ya klabu za Scotland, lakini aliingia kwa mlango wa wafanyakazi.

Kwa hiyo anapotajwa Balfour-Melville kama mwanamichezo kamili, ikumbukwe pia wapo mafundi wa viwanda vya sufu na makuli wa bandarini ambao huenda walikuwa na mikono mizuri kama yake, ila Jumamosi yao ilikuwa na kazi.

Pamoja na hayo, kuna wenye nafasi wengi ambao hawakuifanyia chochote. Yeye aliirudisha. Alikuwa rais wa chama cha raga cha Scotland, akawa rais wa chama cha kriketi, na mwaka 1906 akawa nahodha wa Royal and Ancient, klabu ya St Andrews iliyokuwa ikisimamia sheria za gofu. Michezo mitatu, ofisi tatu. Na akiwa ameshavuka miaka 50 bado alikuwa anaonekana uwanjani Grange akiwa amevaa nguo nyeupe.

SEPTEMBA 25, 1915

Alikuwa na mtoto wa kiume, James Elliot Balfour-Melville, aliyezaliwa mwaka 1882, mwaka uleule ambao baba aliwapiga Waaustralia. Kijana akasoma Malvern, kisha Oxford, ambako aliichezea timu ya soka ya chuo. Kriketi ilikuwa kwenye damu, na kabla ya vita naye aliichezea Scotland.

Kwenye michezo hakuna zawadi kubwa kwa mzee kuliko hiyo. Jezi yako kuiona mgongoni mwa mwanao.

Mwaka 1914 vita ikaanza. James akaingia Black Watch, kikosi cha Waskoti. Septemba 25, 1915 Waingereza walianzisha mashambulizi Loos, kaskazini mwa Ufaransa. Ndiyo siku jeshi lao lilipotumia gesi ya sumu kwa mara ya kwanza, na sehemu nyingine upepo ukairudisha kwa wenyewe. Vikosi vya Scotland vilikuwa mstari wa mbele, na ilikuwa ngumu kupata mji wa Scotland ambao haukupokea habari mbaya wiki ile.

James aliuawa siku hiyo ya kwanza. Alikuwa na miaka 33.

Vita ile ilifyeka kizazi kizima cha wanamichezo wa nchi hiyo. Kwenye raga pekee, wachezaji wapatao 30 waliowahi kuvaa jezi ya taifa hawakurudi. Klabu za kriketi zilipofungua tena milango mwaka 1919, nyingi zilikuta orodha za zamani hazina wa kuzijibu.

Baba alikuwa na miaka 61 alipompoteza mwanawe. Aliishi miaka mingine 22.

MZEE WA NORTH BERWICK

Leslie Balfour-Melville alifariki Julai 16, 1937 huko North Berwick, mji wa pwani ya mashariki mwa Edinburgh, akiwa na miaka 83. Dunia ya michezo ilikuwa imeshabadilika. Bradman alikuwa anapiga mamia bila kuchoka, redio ilikuwa inatangaza mechi, na mtu wa kushika michezo minne kwa kiwango cha taifa alikuwa ameanza kuwa hadithi. Mwaka 2002, Scotland ilipofungua ukumbi wake wa heshima wa wanamichezo, jina lake lilikuwa kwenye kundi la kwanza.

Lakini huenda heshima kubwa zaidi ilikuja miaka 16 baada ya hapo, na haikuwa na sherehe ya kumtaja.

Wapenzi wa kriketi Afrika Mashariki wanaijua Scotland vizuri. Mwaka 1997 kule Malaysia, Bangladesh, Kenya na Scotland ndizo zilizokata tiketi tatu za Kombe la Dunia la 1999, zikimaliza kwa mpangilio huo. Kenya ikaja kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003. Wote walikuwa jahazi moja, nchi zenye wachezaji lakini zisizo na hadhi ya Test, zinazosubiri siku mkubwa mmoja akubali kuja kucheza nyumbani kwao.

Juni 10, 2018 mkubwa alikuja. England, ambayo wakati huo ilikuwa namba moja duniani kwenye mechi za siku moja, iliingia Edinburgh kwenye uwanja wa Grange. Scotland ikaanza kupiga. Calum MacLeod akatandika 140 bila kutolewa, timu ikafika 371 kwa wiketi tano. England ikajibu mapigo, Jonny Bairstow akapiga 105, na kwa muda mrefu ilionekana yaleyale ya siku zote. Halafu wiketi zikaanza kudondoka. Safyaan Sharif akarusha mpira wa chini uliompiga Mark Wood mguuni mbele ya wiketi, mwamuzi akanyoosha kidole, England imeisha 365.

Scotland imeshinda kwa mikimbio sita. Mashabiki wakavunja utaratibu na kumiminika uwanjani, wengine wakikumbatiana na watu wasiowajua.

Walikuwa wanakanyaga nyasi za klabu ileile ambako miaka 136 kabla, mwanasheria wa miaka 28 aliwatandika Waaustralia 73, akavua nguo zake nyeupe, na Jumatatu akarudi ofisini.